Kiongozi na Manung'uniko: Tuliyojifunza Mwaka wa Faini

(Maneno ya katibu wa kwaya kwenye semina ya viongozi wa vikundi, wiki ya Jubilii)

 

 Kamati imetupa dakika ishirini tuseme juu ya kiongozi na ugomvi ndani ya kundi lake. Huenda wengine walitazamia katika wiki ya Jubilii tusimulie safari zetu na sare zetu. Hayo yamo kwenye kurasa nyingine za kijitabu hiki. Lakini kwaya iliyofikisha miaka 25 na kusema haijawahi kugombana ingekuwa inawadanganya watu wa Mungu. Wazee walisema vikombe vikiwa pamoja havikosi kugongana. Sisi tuligongana, na karibu tuvunjike. Tumeomba ruhusa kwa wote waliohusika ili tuwasimulie, na wametukubalia.

Walio wakongwe wanaukumbuka ule mwaka tunaouita mwaka wa faini. Mazoezi yalikuwa Jumatano na Jumamosi, saa kumi na moja na nusu jioni. Watu walikuwa wakichelewa. Mwalimu wa kwaya anaanza na soprano watatu na besi mmoja, na wimbo hausongi. Sisi wa kamati tukakaa, tukapitisha sheria: atakayefika baada ya saa kumi na moja na nusu atalipa shilingi 50. Sheria ile iliandikwa kwa kalamu yetu sisi wa ofisi ya katibu. Tuliiandika vizuri, kwa vipengele na kwa tarehe, kama tulivyofundishwa chuoni kuandika kanuni za shule. Tukaisoma mbele ya kwaya, tukauliza kama kuna swali. Hakuna aliyeuliza. Tukadhani kimya kile kilikuwa kukubali.

Miezi ya kwanza mambo yalikwenda. Pesa ziliingia, mweka hazina akaandika. Kisha manung'uniko yakaanza, kwanza kwenye ngazi za nje baada ya mazoezi, halafu ndani ya matatu, halafu kwenye simu. Tuliyasikia. Tukasema ni ya watu wasiopenda utaratibu. Jumatano moja ndugu mmoja wa tena akasimama akauliza kwa nini viongozi wakichelewa hawaandikwi. Mmoja wetu wa kamati, akiwa amechoka na siku ndefu kazini, akamjibu mbele ya wote kwamba asiyetaka utaratibu, mlango uko wazi.

Usiku ule ule tukaongeza kosa la pili. Tukaandika kwenye kundi la WhatsApp la kwaya ujumbe mrefu juu ya nidhamu, wenye mistari ya Maandiko, bila kumtaja mtu. Lakini kila mtu alijua anayesemwa ni nani. Kabla ya saa nne usiku watu saba walikuwa wamejitoa kwenye kundi. Jumapili iliyofuata kiti cha alto kilikuwa na watu watatu. Wimbo tulioufanyia mazoezi wiki sita haukuimbika. Mchungaji, kwa hekima yake, akatangaza tenzi, kanisa zima likaimba, na wengi hawakujua kwamba siku ile walikuwa wakitufunika aibu.

Basi tulikuwa na kwaya mbili: waliobaki, waliojiita waaminifu, na waliotoka, waliojiita waliofukuzwa. Kila upande uliomba, na kila upande uliomba juu ya mwenzake.

Kilichotuamsha ni mama mmoja wa alto. Huyu hakuwa miongoni mwa waliobishana. Hakusema neno, aliacha tu kuja. Tukaenda kumtembelea kwake Likoni, watu watatu, ng'ambo ya feri. Tulikwenda jioni, saa ile ile ya mazoezi, ila sisi tulikuwa tukienda upande wa pili. Tulisimama kwenye umati wa feri, feri moja ikajaa mbele yetu, tukangoja ya pili. Tulipofika kwake jua lilikuwa limezama. Akatukaribisha, akatupa chai. Hakutulaumu. Alisema anauza mboga, anafunga kibanda saa kumi na nusu, anatoka mbio hadi kivukoni, na kuanzia hapo saa yake iko mikononi mwa feri na matatu. Akasema, "Wanangu, nililipa nilipoweza. Ziliponishinda nikaona nisiwe mzigo."

Tuliporudi tukafungua daftari la mweka hazina. Mama yule alikuwa amelipa faini mara 19, shilingi 950, kutoka kwenye mafungu ya mchicha. Tukaendelea kusoma majina. Karibu wote waliorudiwa na faini mara nyingi walikuwa wakaazi wa Likoni, au watu wa zamu za kazi wanaotoka Changamwe na bandarini. Waliokuwa wakiwahi ni sisi tunaoishi Makupa, Majengo na Tudor, tunaotembea kwa miguu hadi kanisani. Tuliosomea ualimu tunajua kwamba rejista haihesabu vichwa tu. Mtoto akikosa shule kila Ijumaa, mwalimu mzuri huuliza Ijumaa kuna nini nyumbani kwao. Sisi tulikuwa na rejista miezi yote ile, tukaitumia kukusanya pesa wala hatukuisoma.

Hilo ndilo neno moja tunalotaka viongozi mwondoke nalo leo: manung'uniko ni habari ambayo kiongozi hana. Mara nyingi huja yamevaa vibaya, kwa sauti kali na mahali pasipofaa. Kiongozi akiangalia mavazi tu, atamfukuza mjumbe pamoja na ujumbe.

Wapendwa, fungueni Matendo ya Mitume sura ya 6. Kanisa la kwanza lilikuwa bado changa, tena lenye nguvu za Roho, na hata hivyo manung'uniko yalitokea. Waliosema Kiyunani waliwalalamikia Waebrania kwamba wajane wao walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Tazameni walichofanya mitume. Hawakuuliza ni nani aliyeanza maneno, wala hawakuhubiri juu ya dhambi ya kunung'unika, ingawa wangepata mistari ya kutosha. Waliwaita wanafunzi wote, wakakiri kwamba wao wenyewe hawawezi kushika Neno na meza kwa pamoja, wakawaambia wachague watu saba wenye sifa njema. Kisha yasomeni majina ya wale saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Yote ni majina ya Kiyunani. Maana yake ni kwamba meza ilikabidhiwa watu wa upande uliokuwa ukilalamika. Na mstari wa 7 unatuambia kwamba baada ya hapo neno la Mungu lilienea na hesabu ya wanafunzi ikazidi.

Nasi tulijaribu hivyo. Lakini hatukuanza hapo, maana watu walikuwa hawasemezani. Kwanza ilibidi tupatanishwe, na hapa tuna mambo manne ya kuwaambia viongozi.

Jambo la kwanza: kiongozi aliye sehemu ya ugomvi hawezi kuwa hakimu wake. Sisi wa kamati ndio tulioandika sheria, tukatoa jibu kali na kutuma ujumbe. Tungewezaje kuita kikao tukakisimamia wenyewe? Tulimwomba mama mmoja mzee wa kanisa, asiye mwanakwaya, mwenye kuheshimiwa na pande zote. Akatuita nyumbani kwake, upande mmoja siku moja na upande wa pili siku nyingine, kisha wote pamoja. Alitupa sharti moja tu siku ya pamoja: hakuna atakayejitetea mpaka kwanza aseme lalamiko la mwenzake, na mwenzake akubali kwamba, ndiyo, ndivyo nilivyosema. Ilituchukua karibu saa nzima kufaulu mtihani huo. Mmoja wetu alijaribu mara tatu, na kila mara yule ndugu wa tena alimwambia, "Hapana, sikusema hivyo." Mara ya nne akapata. Ndipo yule wa kamati akanyamaza, halafu akaomba msamaha kwa lile neno la mlango. Aliomba msamaha pale ndani, na Jumatano iliyofuata akaomba tena mbele ya kwaya yote, kwa sababu neno lenyewe lilikuwa limesemwa mbele ya wote.

Jambo la pili: fuateni hatua za Bwana wetu katika Mathayo 18, kuanzia mstari wa 15. Kwanza wewe na yeye peke yenu. Akikataa, nenda na mmoja au wawili. Ndipo kanisa. Sisi tulianza mwishoni, tukatangaza mbele ya wote jambo ambalo hatukuwa tumemwambia mtu mmoja uso kwa uso. Leo kamati yetu ina kanuni: kwenye WhatsApp tunatangaza saa, mahali, misiba na furaha. Neno la kumkosoa mtu halipiti humo hata likiwa limefungwa kwa mstari wa Biblia. Mtu hupigiwa simu akaombwa waonane. Simu haina uso, na maneno yaliyoandikwa usiku kwa hasira husomwa asubuhi yakiwa makali zaidi.

Jambo la tatu: zimeni moto kwanza, kisha tafuteni kilichouwasha, na msisahau hilo la pili. Tunakumbuka nchi yetu ilivyokuwa baada ya uchaguzi wa Desemba 27, 2007. Zaidi ya watu 1,000 walipoteza maisha na mamia ya maelfu walihama makwao. Hapa Mombasa nako tuliona fujo na maduka yamefungwa. Januari 2008 akaja Kofi Annan, pamoja na Mzee Benjamin Mkapa wa Tanzania na Mama Graça Machel wa Msumbiji. Mazungumzo yakapangwa kwa mafungu manne: kukomesha ghasia, kuwasaidia walioumia na waliohama, kutatua mgogoro wa uongozi, na mwisho yale ya muda mrefu, kama vile ardhi, umaskini, ajira ya vijana na katiba. Hawakuanza na lililo gumu kuliko yote huku watu wanakufa.

Katikati ya Februari wajumbe walitolewa Nairobi wakapelekwa Kilaguni, ndani ya Tsavo Magharibi, mbali na kamera. Wengi wetu tunapita Tsavo tukienda bara bila kujua kwamba nchi yetu ilizungumziwa huko. Na mazungumzo ya wajumbe yalipokwama, Februari 26 Annan aliyasimamisha, akawaendea wenyewe wawili, Rais Kibaki na Raila Odinga. Februari 28 wakatia sahihi, Rais Jakaya Kikwete akiwapo. Lile fungu la nne halikumalizwa kwa sahihi ya siku moja. Katiba mpya ilikuja Agosti 27, 2010, na mengine bado tunayazungumza hadi leo.

Kundi la kanisa ni dogo, lakini njia ni hiyo hiyo. Watoeni wanaogombana mbele ya watazamaji. Komesheni kwanza maneno ya kuumiza. Ongeeni na mwenye uwezo wa kuamua, msizunguke kwa wapambe wake. Na wakishapeana mikono, msiseme yamekwisha. Kwetu, kupeana mikono kulichukua jioni moja. Sheria ya faini ilikuwa bado iko palepale ukutani.

Jambo la nne, basi, ni kumpa kazi aliyelalamika. Tuliunda kamati ndogo ya watu watano kupanga upya mazoezi, na watatu kati yao walitoka ng'ambo ya feri. Yule ndugu wa tena akawa mmoja wao, na mama wa mboga vilevile. Baadhi yetu tuliogopa. Tulidhani watafuta kila kanuni. Walirudi baada ya wiki mbili na mapendekezo haya: nusu saa ya kwanza iwe ya solfa kwa wanaowahi, kila sauti peke yake, na majina yaitwe saa kumi na mbili, mazoezi yaishe saa moja na nusu ili watu wavuke mapema, Jumamosi moja kwa mwezi mazoezi yafanyike Likoni, na sisi wa Makupa tuvuke. Faini ikaondolewa. Kisha wakaongeza kanuni ambayo hatukuitarajia: asiyehudhuria mazoezi ya Jumamosi bila kutoa habari hataimba Jumapili, awe mwanakwaya au kiongozi. Kanuni hiyo ni kali kuliko yetu ya shilingi 50, na kwaya yote iliikubali, kwa sababu waliyoitunga ndio iliyokuwa ikiwabana zaidi. Hadi leo ndiyo inayotuongoza, na Jumamosi ile ya Likoni ndiyo mazoezi yenye watu wengi kuliko yote.

Wengine wenu mtauliza, je, kila ugomvi umalizwe kwa chai na vikao? Hapana. Pesa zikiibwa, mtu akipigwa, au mtoto au binti akiguswa isivyofaa, huo si ugomvi wa kupatanisha. Ni kosa, na aliyedhurika ndiye wa kulindwa kwanza. Jambo hilo liende kwa mchungaji na baraza la wazee mara moja, na kwa polisi pale sheria inapotaka. Kiongozi anayesema tuyamalize wenyewe katika mambo kama hayo, hata kama anadhani analinda jina la kanisa, anamlinda mkosaji.

Tena, kuna ugomvi usio na mkosaji ambao bado hauishi. Paulo na Barnaba, watu wa Mungu wawili, walishindana vikali juu ya Yohana Marko, aliyewaacha Pamfilia. Matendo 15 inasema walitengana. Barnaba akaenda Kipro na Marko, Paulo akaondoka na Sila. Safari moja ikawa mbili. Lakini soma waraka wa pili kwa Timotheo 4:11, Paulo akiwa kifungoni anaagiza Marko aletwe kwake kwa kuwa anamfaa katika utumishi. Katika kutengana kwao hakuna aliyemfungia mwenzake mlango kwa funguo. Kiongozi akiona hakuna njia ila watu waachane, basi awasindikize vizuri, awaombee kwa majina yao, na nafasi yao aiache wazi.

Hapo ndipo penye uchungu wetu. Kati ya waliotoka mwaka ule, wanne hawakurudi. Tuliwaendea, lakini tulikuwa tumechelewa miezi mingi. Wawili wanaimba kwingine, na tunamshukuru Mungu kwa ajili yao. Mmoja haendi tena kanisa lolote. Na mmoja, besi wetu aliyetufundisha wengi kusoma solfa, alilala kabla hatujaenda kwake. Tulimwimbia kwenye mazishi, lakini hatukuwahi kuzungumza naye. Familia yake ilitupokea kwa upendo, na upendo ule ulituumiza zaidi kuliko lawama. Majina ya wote wanne yamo kwenye orodha ya wanakwaya wa miaka 25 mwishoni mwa kijitabu hiki, kwa idhini ya wenyewe na ya familia. Hayakuwekewa alama yoyote. Ni wanakwaya kama sisi.

Sisi wa Makupa tuna mfano mlangoni petu. Tangu enzi za ukoloni barabara ya kuingia kisiwani ilipita juu ya tuta lililojazwa mawe na udongo. Magari yalipita, lakini maji ya mlango wa bahari yalizuiwa kwenda na kurudi. Mwaka 2022 likafunguliwa daraja jipya la nguzo, magari yakaendelea kupita juu na maji yakapata njia chini. Kundi linahitaji utaratibu, maana bila barabara hatufiki. Lakini viongozi tusijenge utaratibu wetu kama tuta. Tuache njia ya maji.

Basi tunawaomba viongozi wa kila kundi kufanya jambo moja kabla Jubilii haijaisha. Chukueni rejista yenu au daftari lenu la michango, msome majina ya walioacha kuja kimyakimya. Chagueni jina moja. Nendeni kwake, watu wawili au watatu, kwa saa na kwa njia ile ile anayoitumia yeye kuja kwenu. Mkifika, msianze na maelezo. Muulizeni kuna nini, kisha mnyamaze.

Mungu aibariki kwaya yetu, awabariki wote waliowahi kusimama katika viti vyake, na atupe masikio kabla ya sauti. Amina.